Gauni la Tai Ishirini na Tatu

Wifi yangu ni fundi wa nguo. Anashonea sebuleni, kwa hiyo nyumbani kwetu mtu hakai kwenye kiti bila kukikagua. Nimeshakalia pini mara tatu. Mara ya tatu wifi alikuja mbio, akaangalia kwanza kama pini imepinda, ndipo akanipa pole.

Mimi ni mwalimu wa watu wazima. Ninafundisha kusoma na kuandika katika chumba kilicho nyuma ya zahanati. Wanafunzi wangu wameniambia wamechoka kusoma habari za kuku na kunawa mikono. Wanataka kusoma habari za watu. Basi nimewaandikia hii ya wifi yangu, kwa sababu nusu ya darasa wana nguo zao kwake.

Ninaishi kwa kaka yangu, mume wa huyo fundi. Kaka alikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini. Alistaafu mwaka jana, lakini mwili wake haujapata habari. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, suruali yenye mstari, na tai. Akishakamilika anakwenda kumwagilia mboga nyuma ya nyumba.

Wifi anashona vizuri, hilo halina ubishi. Shida yake ni moja. Kitambaa kikikatwa, ukingo wake huanza kutoka nyuzi. Kuna mashine inayoitwa ovaloki. Inaukata ukingo huo na kuuzungushia uzi, na nyuzi hazitoki tena. Wifi hana mashine hiyo. Mtaani kwetu anayo mmoja tu, fundi tunayemwita Mama Lesi. Kila nguo ya wifi lazima ipelekwe kwa Mama Lesi kumaliziwa.

Mama Lesi ni mtu wa adabu. Anaipokea nguo kwa mikono miwili, anauliza hali ya nyumbani, kisha anaiweka chini kabisa ya kazi zake mwenyewe. Nguo inakaa huko siku nne, siku tano, wiki. Wateja hawamjui Mama Lesi. Wanamjua wifi, naye ndiye anayeonekana mwongo.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Ilikuwa safari yake ya nne. Sare haikuwa tayari. Muuguzi hakugomba. Alisema tu, mbele ya wateja wengine wawili, "Fundi, mikono yako naiamini. Mdomo wako siuamini tena."

Mchana ule wifi hakula. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, hashoni kitu.

"Wifi, nina miaka kumi na moja katika kazi hii," alisema. "Sijawahi kumdanganya mtu. Lakini yule dada kasema kweli."

Niliumia kumsikia. Ndiyo maana, tangazo lilipotoka, mimi ndiye niliyelipeleka nyumbani.

Tangazo lilikuwa la chama cha mafundi. Kulikuwa na shindano la kushona gauni. Sharti la kwanza: gauni litokane na nguo kuukuu za nyumba ya fundi mwenyewe, si kitambaa cha dukani. Sharti la pili: mvaaji awe mtu wa nyumba hiyo. Mvaaji atatembea, atakaa kitini, atapanda ngazi na kuinua mikono juu. Majaji wataligeuza gauni na kulikagua mpaka ndani. Zawadi ya kwanza ilikuwa mashine mpya ya ovaloki, pamoja na meza yake.

Wifi alisoma tangazo mara mbili. Halafu akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akarudi tena juu.

"Usiniangalie hivyo," nilisema.

"Watoto wangu wote wako mbali. Humu ndani nina wewe tu."

"Wifi, nina miaka arobaini na saba."

"Tangazo halikuuliza miaka."

"Na makalio je?"

"Hayo nitayapima," alisema, na tayari alikuwa ameshika futi yake ya kupimia.

Ikabaki kupata nguo kuukuu. Tulifungua makabati. Shuka zilikuwa zimechakaa. Magauni yangu aliyasifu kwa upole, akayarudisha. Ndipo sote wawili tukatazama dirishani. Nje, kaka alikuwa ameinama kwenye tuta la mboga. Tai yake ya mistari alikuwa ameitupia begani ili isiingie kwenye ndoo.

"Anazo ngapi?" nilinong'ona.

"Sitini na tatu, bila hiyo ya shingoni," wifi alijibu. "Nazipiga pasi mimi, nazijua."

Kumwomba kaka tai ilikuwa kazi. Wifi alianza kwa chai. Akaendelea na sifa. Mwisho akasema shida yenyewe, akaeleza habari ya muuguzi. Kaka anampenda sana mkewe. Alikubali kutoa, ila alitaka kuchagua mwenyewe. Kuchagua kulichukua alasiri mbili, maana kila tai ilikuwa na hotuba yake.

"Hii siwezi kuitoa," alisema. "Niliivaa siku mkurugenzi aliponiita kwa jina."

"Alikuitaje?" niliuliza.

"Aliniita jina la mwenzangu. Lakini aliniita."

Hatimaye alitoa tai arobaini. Zote zilikuwa zimefungwa tayari, kila moja na fundo lake. Wifi alikaa chini akaanza kuyafungua mafundo. Kila fundo lilipofunguka, kaka alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Tai ishirini na tatu zilizobaki alizitia katika sanduku, akalifunga kwa ufunguo. Mimi nilidhani ni uchoyo tu.

Wifi alianza kazi kwa moyo. Alizipanga tai wima, ubavu kwa ubavu, ncha zikiangalia chini. Akaziunganisha zilivyo, bila kuzifumua. Kwa macho ilipendeza mno. Rangi zilikuwa nyingi, na ncha zile zilizunguka chini ya sketi kama uzio mzuri. Siku ya tatu aliniita nijaribu.

Niliingia ndani ya sketi ile. Nilipotoka, yenyewe ilibaki imesimama.

"Imesimama," nilisema.

"Naona," alisema wifi.

"Wifi, mimi simo ndani."

"Nimesema naona. Ingia tena, ukae."

Nilikaa. Sketi haikukaa. Mimi nilishuka kitini, yenyewe ikapanda mpaka kidevuni. Kaka alipita kuchukua kopo lake la maji, akaniona, akageuza njia.

Wifi hakukata tamaa. Alisema tai zile ni kavu tu, zinahitaji kulainishwa. Alichemsha maji, akayamimina katika beseni kubwa, akatia sabuni ya unga vikombe viwili. Sketi nzima ikazamishwa. Akalifunika beseni kwa sinia ili joto lisipotee, na tukaenda zetu sokoni.

Tuliporudi, maji yalikuwa mekundu. Tai nyekundu zilikuwa sita tu, lakini zilikuwa zimewagawia wenzao wote. Ya njano ilikuwa ya chungwa, ya bluu ilikuwa zambarau, na nyeupe haikueleweka. Baya zaidi, tai zilikuwa zimejikunja. Nyingine zilipinda kulia, nyingine kushoto, na ncha zote zilitazama juu.

Wifi aliitoa sketi majini, akaiweka juu ya kamba. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama anavyoshona, taratibu na bila kuinua kichwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na mashine ya ovaloki ilikuwa imeshakwenda na maji yale mekundu.

Jirani yetu wa ukuta wa pili ni dobi. Ni mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na amefua nguo za watu tangu ujana wake. Alitokeza kichwa juu ya ukuta kuanika mashuka. Akaiona sketi ile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shemeji," alisema, "mnyama gani huyo?"

"Usinicheke, shemeji," wifi alijibu. "Sina nguvu leo."

Dobi aliona macho yake, akaacha kucheka. Alizunguka akaingia kwa mlango. Aliichukua sketi, akaibinya kwa vidole, akatoa wembe mdogo mfukoni.

"Naruhusiwa?"

"Haiwezi kuharibika zaidi."

Alifumua tai moja kwa nyuma, kutoka ncha moja mpaka ya pili. Ndani yake akavuta kitambaa kizito, cha rangi ya maziwa, kilichosinyaa.

"Hiki ndicho kilichokupiga," alisema. "Tai si kitambaa kimoja. Nje kuna hariri au poliesta. Ndani kuna hiki kizito, ndicho kinachoipa tai umbo. Mara nyingi huwa na sufu, yale manyoya ya kondoo. Sufu ikikutana na maji ya moto inasinyaa. Ya nje haisinyai sana. Sasa ya ndani inavuta, ya nje inakataa. Ndiyo maana zimejikunja."

"Kwa hiyo na ule ugumu ni wake?" niliuliza.

"Ni wake. Ulivaa matandiko arobaini, mwalimu. Nashangaa ulitembea."

"Sikutembea," nilisema.

Wifi alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anaitazama tai iliyofumuliwa. Ikiwa imefunguka, ilikuwa pana karibu mara mbili, laini, na ilining'inia mkononi mwa dobi vizuri sana.

"Tai haifuliwi nzima," dobi aliendelea. "Kwanza unaifumua, unatoa cha ndani. Pili unaijaribu rangi. Unachukua kitambaa cheupe, unakilowesha, unakibonyeza juu ya tai. Cheupe kikichafuka, tai hiyo inachuja rangi, haikai beseni moja na nyingine. Tatu, maji baridi na sabuni kidogo. Hukamui kwa kusokota. Unaikandamiza ndani ya taulo. Unaianika kivulini."

"Na pasi?"

"Pasi ya vuguvugu, upande wa nyuma, na kitambaa juu yake. Hariri haipendi kuguswa na chuma moja kwa moja. Na wewe ungependa?"

Wifi alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Umejua yote haya kwa nani, shemeji?"

"Kwa wateja niliowaharibia," dobi alijibu. "Wa kwanza alikuwa mwanasheria. Hatusalimiani mpaka leo."

Alichukua tena ile tai, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta. Ikarefuka. Akaiachia, ikarudi. "Tena kuna jambo jingine. Tazama nyuzi zake zinavyokwenda. Haziendi wima, zinakwenda mshazari, kona kwa kona. Tai zote hukatwa hivyo, ili fundo likae vizuri. Kitambaa cha mshazari kinavutika. Ukikishona bila kujua, kitakutoroka."

"Mshazari naujua," wifi alisema polepole. "Kwenye kifua nitaweka kitambaa kingine chini yake, kilichokatwa wima. Hicho hakitavutika. Sketi nitaiacha icheze." Nilimwona anaanza kuwa fundi tena. Kisha uso ukamwanguka. "Lakini tai zenyewe ziko wapi? Hizi zimekufa."

Halafu sote tukamtazama kaka, ambaye alikuwa mlangoni na kopo lake la maji.

"Hapana," alisema kaka.

"Bado hatujaomba," nilisema.

"Nimejibu mapema."

Wifi aliinuka, akamwendea mumewe. "Baba watoto, ukinipa zile ishirini na tatu, nitashona gauni ambalo halijaonekana. Usiponipa, nitaendelea kupeleka nguo zangu kwa Mama Lesi na kuitwa mwongo mpaka nizeeke. Niambie tu kwa nini hutaki. Nikijua, sitauliza tena."

Kaka alitazama kopo. Akatazama miguu yake. Mimi ni dada yake, nimemjua tangu tunagombania kijiko, na sijawahi kumwona na haya kama siku ile.

"Sijui kufunga tai," alisema.

"Unasemaje?" niliuliza.

"Sijui kufunga tai. Sijawahi kujua. Mafundo yote yale alifunga tarishi wa ofisini. Nilikuwa nikinunua tai, nampelekea, anafunga. Mimi nalegeza tu, navua kichwani, naning'iniza. Miaka thelathini. Tarishi amestaafu, amehamia mbali. Mlipofungua zile arobaini, nilikufa mara arobaini. Hizi ishirini na tatu zikifunguka, nitabaki na hii moja ya shingoni maisha yangu yote."

Nilimeza kicheko mpaka kikaniuma mbavu. Wifi hakucheka. Alimshika mkono.

"Miaka yote hii mimi napiga pasi kuzunguka fundo," alisema. "Nilidhani unapenda hivyo."

"Karani," dobi alisema, "utakufa na tai moja shingoni kwa sababu huwezi kufunga nyingine. Dada yako anafundisha wazee wa miaka sabini kuandika majina yao. Wanakuja darasani, vitukuu wao wakiwaona. Wewe unaona haya kuuliza fundo?"

"Nimuulize nani?"

"Mimi. Nafunga tai za maiti na za maharusi. Leta moja."

Kaka alifungua sanduku. Dobi alimsimamisha mbele ya kioo cha kabati la wifi. Upande mpana ushuke chini zaidi. Upite juu ya mwembamba. Uzunguke nyuma. Upite tena mbele. Upandishwe kwa ndani hadi shingoni, kisha ushuke ndani ya kitanzi. Vuta.

Mara ya kwanza kaka alifunga kidole chake mwenyewe. Mara ya pili tai ilitokea fupi, ikaishia kwenye kifungo cha pili. Mara ya tano ilikaa. Kaka alijitazama kiooni kwa muda mrefu. Akalifungua fundo, akalifunga tena peke yake.

"Dakika kumi," alisema. "Nimeogopa miaka thelathini kitu cha dakika kumi."

Alijibakizia ile moja ya mistari anayovaa bustanini, ambayo haikuwamo katika hesabu. Zile ishirini na tatu zote akamkabidhi mkewe, zikiwa zimefunguliwa kwa mkono wake. Nakumbuka alizipanga kwa rangi kama mafaili.

Kazi ikaanza upya. Mimi na kaka tulifumua kwa wembe, taratibu, uzi kwa uzi. Dobi alijaribu rangi kwa kitambaa cheupe. Tai tatu zilichuja, tukazifua kila moja peke yake. Zote zilianikwa kivulini chini ya paa la dobi. Wifi alipiga pasi ya vuguvugu kwa nyuma.

Safari hii hakukimbilia mkasi. Alichukua shuka kuukuu, akashona kwanza gauni la majaribio. Alinivalisha, akachora kwa chaki palipobana na palipolegea. Nilikaa, nikainama, nikapanda kigoda. Palipobana akaongeza. "Shuka ikiharibika silii," alisema. "Tai ikiharibika, tutalia wawili."

"Watatu," kaka alisema kutoka jikoni.

Likabaki suala la ukingo. Ndani ya gauni kulikuwa na mishono mingi, na hariri hutoka nyuzi upesi. Ovaloki hatukuwa nayo, na Mama Lesi naye alikuwa amejiandikisha katika shindano. Kumpelekea Mama Lesi gauni la kumshinda Mama Lesi ilikuwa haiwezekani. Wifi alifikiri, kisha akafanya mshono wa kuficha. Alishona kwanza upande wa nje, akapunguza ukingo, akageuza, akashona tena upande wa ndani. Ukingo wote ukafungiwa katikati, hata uzi mmoja hauonekani. Ni kazi ya mara mbili, na alifanya hivyo kwa kila mshono.

Zilipobaki siku tatu, gauni lilikamilika isipokuwa pindo la chini. Wifi alikuwa ameshatia uzi sindanoni. Dobi akapiga kelele kutoka juu ya ukuta.

"Shemeji, usilipinde. Litundike."

"Shemeji, siku zimekwisha."

"Litundike siku mbili. Mimi natundika nguo kila siku ya maisha yangu, nayaona. Nguo ya mshazari ikining'inia, inashuka. Tena haishuki sawa, kila kipande kina tabia yake. Ukilipinda leo, kesho kutwa pindo litakuwa kama meno ya mzee."

Wifi alilitundika kwenye hanga, mlangoni. Kwa siku mbili alipita mbele yake akiwa na sindano mkononi, anaguna. Alishika kufagia. Alishika kupanga vifungo. Siku ya pili jioni alinivalisha, akapima kutoka sakafuni kwa rula. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kwa upana wa vidole vitatu. Mwingine kwa kidole kimoja. Wifi alisawazisha, akapinda.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Tulikuwa washindani kumi na wawili. Mama Lesi alikuja na gauni lililotokana na mashuka yake ya zamani, lenye sketi pana ya mshazari. Lilikuwa zuri, lazima niseme. Binti yake alilivaa kwa madaha. Mama Lesi alitusalimia kwa mikono miwili.

Jaji mkuu alikuwa mama mnene, mpole wa sura, mwenye rula ndefu ya mbao. Aliweka rula sakafuni, akazunguka kila mvaaji. Alipofika kwa binti wa Mama Lesi, akazunguka mara mbili.

"Ulilipinda lini pindo hili?" aliuliza.

"Siku ileile nilipolimaliza," Mama Lesi alijibu kwa fahari.

"Hukulitundika?"

Sketi ilikuwa imeshuka upande wa kushoto, na binti alipopanda ngazi aliikanyaga, akashuka kwa haraka kuliko alivyopanda. Hakuumia. Nilijizuia kufurahi, nikashindwa.

Zamu yangu ikafika. Sketi ilicheza kwa kila hatua, tai kwa tai. Nilipanda ngazi, sikukanyaga kitu. Niliinua mikono, kifua kikakaa mahali pake. Nilikaa kitini, na gauni likakaa pamoja nami. Ukumbini nilisikia mtu akisema, "Ile ya kijani niliivaa siku ya ukaguzi wa masijala." Nilijua ni kaka, na nilijua hakuna aliyemuuliza.

Nyuma ya pazia nilivaa khanga, majaji wakaligeuza gauni ndani nje. Jaji mkuu alipitisha kidole kwenye mshono mmoja, kisha mwingine. Akamwita wifi.

"Ovaloki yako ni ya aina gani? Sioni ukingo."

"Sina ovaloki, mama."

"Huna?"

"Sina. Nimefungia ukingo ndani kwa mkono wangu."

Jaji aliita wenzake wawili. Wakainama wote watatu juu ya mshono ule. Wifi alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Waliposoma matokeo, walianza na wa tatu. Wakasoma wa pili, ambaye alikuwa Mama Lesi. Wifi alinishika mkono kwa kucha. Waliposema wa kwanza ni gauni la tai, hakusogea. Ilibidi kaka amsukume. Alipanda jukwaani akalia, safari hii kwa sauti, na dobi alikuwa anapiga makofi hata miwani ikamwanguka.

Mashine ilifika Jumatatu. Ilikuwa nzito, na ilichukua nafasi ya kiti changu, kwa hiyo sasa ninakaa kwenye kigoda. Kaka ndiye anayefumua tai na nguo kuukuu ambazo watu wanaleta zigeuzwe. Ana meza yake, na amezipanga kwa herufi.

Jumatano muuguzi alikuja. Alikuwa na kitambaa cha sare nyingine, na uso wa mtu anayejaribu bahati kwa mara ya mwisho. Wifi alimpima, akakata, akashona. Ilipobaki kumaliziwa ukingo, hatua ambayo kila mara sare yake ilikwama, muuguzi alinyanyua mkoba wake.

"Haya, Fundi," alisema. "Nije lini? Niambie ukweli tu, hata kama ni mwezi ujao."

"Kaa hapo," wifi alisema. "Inakwisha sasa hivi."

Muuguzi hakukaa. Alinitazama mimi, akamtazama kaka, kisha akamgeukia wifi kwa wasiwasi wa kikazi.

"Fundi," alisema kwa upole, "unaumwa?"

Wifi aliwasha mashine. Ilinguruma, ikapita kwenye ukingo wote wa sare kwa dakika chache. Akakata uzi, akaipiga pasi, akaikunja, akamwekea mikononi ikiwa bado ina joto.

Muuguzi aliishika, hakutoka. Aligeuza ndani, akaangalia mishono. Halafu akavuta kiti, akakikagua kama kina pini, akakaa.

"Basi nipime na gauni la sikukuu," alisema. "Leo nakuamini."